Ng'ombe Asiyekwenda Machungani

Katika vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani, ng'ombe hakuwa mnyama wa kuchungwa. Wageni walioandika habari za Uchagga mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walilitaja jambo hilo kwa mshangao, kwa sababu kule tambarare walikopita njiani walizoea kuona makundi ya ng'ombe na vijana wenye fimbo nyuma yake. Huku mlimani walimkuta ng'ombe ndani ya nyumba. Upande mmoja wa nyumba ya msonge walilala watu, upande wa pili walifungwa ng'ombe wawili watatu na mbuzi kadhaa, na moto ukawaka katikati. Ng'ombe aliletewa majani, akaletewa maji, na samadi yake ikazolewa na kupelekwa kwenye migomba.

Leo ufugaji huo hufundishwa vyuoni na kwenye semina za wafugaji kuanzia Kiambu hadi Rungwe, mara nyingi kana kwamba ulibuniwa na miradi ya wafadhili. Wenyeji wa mlimani waliufanya kwa vizazi kabla mtaalamu yeyote hajaupima kwa lita. Historia yake inafaa kujulikana kwa sababu nyingine pia. Ndani yake mna jibu la swali linaloulizwa kila mwaka: kwa nini mkulima mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa kisasa anaambulia lita tano au sita kwa mnyama anayeweza kutoa mara mbili ya hizo?

Wachagga walikuwa na sababu zao za kumfungia ng'ombe ndani. Kihamba kilikuwa kidogo, kimejaa migomba na baadaye kahawa, na hapakubaki pa kuchungia. Vita vya wamangi, watawala wa Kichagga, vilikuwa vingi katika karne ya 19, na ng'ombe aliyefungwa ndani hakuswagwa kirahisi. Zaidi ya yote ilikuwapo migomba yenyewe, inayosimama mahali pale pale miaka nenda miaka rudi na kuuchosha udongo usiporudishiwa kitu. Samadi ndiyo iliyorudisha rutuba. Maziwa yalithaminiwa, hasa kwa watoto na kwa mzazi aliyetoka kujifungua, lakini mtu angeweza kufuga ng'ombe kwa ajili ya samadi peke yake na asionekane mjinga.

Kumlisha mnyama huyo ilikuwa kazi ya kutwa. Mgomba ukishatoa mkungu wake hukatwa, na shina lake hukatwakatwa kwa panga vipande vyembamba, vikichuruzika maji. Wakati wa kiangazi vipande hivyo humsaidia ng'ombe kukata kiu pale maji yanapokuwa mbali. Lakini shina la mgomba karibu lote ni maji: hujaza tumbo bila kuongeza maziwa. Majani yenye nguvu yalikuwa chini, kwenye ukanda wa tambarare, na waliokwenda kuyakata walikuwa wanawake. Walitoka alfajiri, wakashuka, wakakata, wakafunga mizigo, kisha wakapanda mlima wakiwa wamejitwika. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji majani mabichi kilo 60 hadi 70 kwa siku, yaani mizigo miwili mitatu ya kichwani kwa ng'ombe mmoja tu. Mizigo hiyo ndiyo iliyoamua maziwa yatakuwa kiasi gani.

Kulikuwa na desturi nyingine iliyokuja kufanana sana na mambo ya baadaye. Mwenye ng'ombe wengi kuliko majani aliyoweza kupata aliwaweka wengine kwa ndugu na majirani. Mlezi alipata maziwa na samadi. Ndama walikuwa mali ya mwenyewe, na siku ng'ombe alipochinjwa mlezi alikuwa na fungu lake la nyama. Hivyo mtu asiye na uwezo wa kununua ng'ombe aliweza kuwa na maziwa nyumbani na mbolea shambani, na mwenye mali hakuwa na wasiwasi kwamba ugonjwa au wavamizi wangemmaliza kwa siku moja.

Ng'ombe huyo alikuwa zebu mdogo wa kienyeji, mwenye kutoa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya. Serikali za kikoloni zilipoanza kufikiria maziwa, zilimtazama yeye kwanza na kumwona ndiye tatizo.

Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, nchi ikiwa bado na kumbukumbu ya sotoka ya miaka ya 1890 iliyofyeka mifugo ya Afrika Mashariki. Waingereza walikirithi, na kuanzia miaka ya 1930 wakaanza kazi ndefu ya kuchanganya damu: Red Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi, zebu wa Tanganyika, Boran, na kiasi kidogo cha Ayrshire wa Scotland. Mwaka 1958 ng'ombe wa Mpwapwa alitambuliwa rasmi kuwa kabila kamili. Ni mnyama mzuri, anayestahimili ukame wa Dodoma na kutoa maziwa mengi kuliko mama zake wa kienyeji. Hata hivyo hawakuwahi kuwa wengi, na wakulima wadogo wa milimani wengi hawakumpata. Ilikuwa kazi ya wataalamu hodari, nayo iliacha mazoea ambayo bado yapo: penye maziwa machache, fikra ya kwanza ni kutafuta ng'ombe mwingine.

Waliojaribu kuleta ng'ombe wa Ulaya moja kwa moja waligonga mwamba wa kupe. Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha masikioni. Ng'ombe wa kigeni anayeipata bila tiba kwa kawaida hufa katika wiki chache, tezi zikiwa zimevimba na mapafu yamejaa maji. Robert Koch aliviona vijidudu vyake kwenye damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akavidhania ni vya ugonjwa mwingine wa kupe uliokuwa ukijulikana Marekani. Ilimchukua Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, kuonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na kijidudu chake kikaitwa kwa jina lake. Kwa miongo mingi kinga pekee ilikuwa josho: dimbwi la dawa ambamo ng'ombe huogelea kila wiki. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, kutokana na utafiti wa miaka ya 1960 na 1970, ilikuja baadaye sana. Kabla ya hapo hekima ya Wachagga ilionekana upya. Ng'ombe asiyekwenda machungani hukutana na kupe wachache kuliko anayezurura, na ndiyo maana banda la nyumbani likaja kuwa mahali ambapo ng'ombe wa Ulaya angeweza kuishi Afrika Mashariki mikononi mwa mtu asiye na uwezo wa kuchimba josho lake mwenyewe.

Nchini Kenya ng'ombe wa gredi, yaani mwenye damu ya Ulaya, alikuwa na mwenyewe, naye alikuwa mlowezi. Lord Delamere na wenzake walileta ng'ombe wa Ulaya tangu mwanzo wa karne ya 20, na mwaka 1925 walowezi wakaunda ushirika wao wa maziwa, Kenya Co-operative Creameries, maarufu KCC. Kanuni za karantini na mpangilio wa masoko vilimweka mkulima Mwafrika nje ya biashara hiyo. Aliruhusiwa kuwakamua ng'ombe wa gredi kwa mshahara. Kuwa nao lilikuwa jambo lingine.

Mabadiliko yaliletwa na vita vya Mau Mau. Mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa bado imetangazwa, afisa wa kilimo Roger Swynnerton aliandika mpango wa kuwaruhusu na kuwasaidia wakulima Waafrika kulima mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa gredi, kwenye mashamba yaliyounganishwa na kupewa hati. Uingereza iliutengea pauni milioni 5. Lengo la kisiasa halikufichwa. Wakuu walitaka tabaka la wakulima wenye mali ya kupoteza, wasioweza kuvutiwa na wapiganaji wa msituni. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Swynnerton alitoka Tanganyika. Alikuwa amefanya kazi Moshi, na mwaka 1948 alitoa, pamoja na A.L.B. Bennett, kitabu kuhusu kahawa ya KNCU, chama cha ushirika cha Wachagga kilichoanzishwa 1933. Mtu aliyekwenda kupanga kilimo cha Nyeri na Kiambu alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake watu wenye mashamba madogo wakiuza kahawa yao kwa ushirika wao wenyewe, ng'ombe wakiwa ndani na samadi ikiwa shambani.

Baada ya uhuru wa 1963 mambo yalikwenda kasi. Mashamba ya walowezi yalikatwa vipande, na ng'ombe wa gredi wakaingia kwenye vipande hivyo. Tume ya Kibe ya 1965 iliupinga mfumo wa migao uliowapa wazalishaji wakubwa bei nzuri ya KCC mwaka mzima na kuwaachia wadogo makombo. Mfumo huo ukafutwa. Kituo cha Kabete, kilichoanza kazi ya mbegu za madume mwaka 1946, kikatoa huduma ya uhimilishaji kwa ada ndogo iliyofidiwa na serikali, hata mwenye ng'ombe mmoja akaweza kupata ndama wa dume bora ambaye asingemwona maisha yake yote. Mwaka 1979 yakaja maziwa ya Nyayo kwa wanafunzi wa shule za msingi, soko kubwa lisilosubiri mteja wa mjini. Wakulima wadogo wakaishia kuwa wazalishaji wa takriban asilimia 80 ya maziwa yanayouzwa Kenya, jambo ambalo mwaka 1950 lingeonekana ndoto.

Ardhi ya Kiambu na Murang'a iliendelea kugawanywa kwa warithi. Ekari tano zikawa mbili, mbili zikawa moja. Hapo ndipo mradi wa taifa wa kuendeleza maziwa, uliofadhiliwa na Uholanzi kuanzia 1980, ulipoeneza banda lenye sakafu ngumu, hori, sehemu ya kulalia na shimo la samadi, pamoja na shamba la mabingobingo, au nepia kama wanavyoyaita Kenya. Majani haya marefu ni ya Afrika, na jina la nepia yalilipata kwa kanali mmoja wa Bulawayo aliyeihimiza idara ya kilimo iyajaribu mwanzoni mwa karne ya 20. Kenya ilikuwa ikiyatumia zaidi kufunika udongo chini ya mibuni. Kumbe chakula cha ng'ombe kilikuwa kimekwisha pandwa shambani, kikiozea chini ya kahawa.

Penye mabanda hayo, kazi ya majani haikubadili mikono. Kilichobadilika ni umbali: badala ya kushuka hadi tambarare, mwanamke alikata mabingobingo nyuma ya nyumba. Ni nafuu kubwa, na inastahili kuhesabiwa kama maendeleo makubwa kuliko hati nyingi za serikali. Fedha ilikuwa na njia zake. Maziwa ya asubuhi yalikwenda ushirika, na malipo ya mwisho wa mwezi yaliingia kwenye akaunti ambayo mara nyingi ilikuwa ya mume. Maziwa ya jioni yalibaki nyumbani kwa watoto na kwa chai, yaliyozidi yakauzwa kwa jirani, na shilingi zake zilikuwa za mama. Vyama vilipotaka kuanza kukusanya na maziwa ya jioni, wanawake wengi hawakushangilia, na walikuwa na haki. Anayemtaka mtu aongeze majani kwenye hori hana budi kutazama pia nani anapokea fedha.

Katika miaka ya 1990 nguzo nyingi za mfumo huu zilianguka karibu kwa pamoja. Serikali ilijiondoa kwenye majosho na uhimilishaji, ada zikapanda, na wengi wakarudi kwa dume la kijiji. KCC ilipoteza ukiritimba wake mwaka 1992, ikaelemewa na madeni, na wafugaji wakasubiri malipo ambayo mengine hayakuja. Waliosalimika ni wale waliokuwa na ushirika imara karibu na nyumbani. Chama cha Githunguri, kilichoanzishwa na wakulima 31 mwaka 1961, kilijenga kiwanda chake na kuanza kuuza maziwa ya Fresha mwaka 2004. Wengine waliokolewa na wachuuzi wa baiskeli, watu waliokuwa wakikimbizwa na askari kwa kuuza maziwa mabichi huku wakinunua sehemu kubwa ya maziwa yote ya Kenya. Mradi wa utafiti wa wafugaji wadogo, uliofanya kazi kuanzia 1997 hadi 2005, ulionyesha kwamba wachuuzi hawa wakifundishwa usafi na kupewa leseni wanaweza kuuza maziwa salama, na kuanzia 2004 msimamo wa serikali ukalegea. KCC mpya ilifufuliwa 2003.

Tanzania ilipita njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 dola iliweka matumaini yake kwenye mashamba makubwa ya umma na kampuni ya Tanzania Dairies, yenye viwanda Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mbeya na kwingineko. Viwanda hivyo viliendeshwa kwa kiasi kikubwa na unga wa maziwa na mafuta ya siagi vya msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, vikichanganywa na maji na kufungwa kwenye paketi. Msaada ulipopungua viwanda vilikosa cha kusindika, na kufikia miaka ya 1990 vilikuwa vimesimama au kuuzwa. Miaka yote hiyo maziwa halisi yalikuwa yakikamuliwa vijijini, bila gari la kuyafikia.

Palipofanikiwa, kazi ilianzia chini. Huko Lushoto, Waingereza walikuwa wamejaribu kwa nguvu kuokoa udongo wa Usambara kwa mradi wa Mlalo kuanzia 1946, wakawalazimisha Wasambaa kulima matuta na kuzuia uchungaji, hadi watu wakaukataa. Mwaka 1981 mradi wa SECAP, wa serikali na Wajerumani, uliingia kwa mlango wa ng'ombe. Mkulima alipanda majani ya Guatemala kwa mistari inayofuata mzunguko wa mlima. Mistari ilizuia udongo usiteremke, majani yakakatwa kwa ng'ombe aliyefungwa bandani, samadi ikarudi kwenye mahindi na mboga. Watu waliokataa matuta walikubali majani, kwa sababu safari hii mwisho wa kazi palikuwa na ndoo ya maziwa.

Chini, upande wa pwani, hali ilikuwa ngumu zaidi. Tanga kuna joto, na mbung'o sehemu nyingi, na katani, iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuulisha mkoa kwa miaka mingi, ilikuwa imeporomoka na kuacha watu bila mishahara. Kuanzia 1985 serikali ikishirikiana na Uholanzi iliendesha mradi wa ugani wa maziwa kwa wafugaji wadogo. Chuo cha Buhuri, nje kidogo ya mji, kilizalisha mitamba chotara na kufundisha watu kabla hawajakabidhiwa mnyama. Vyama vya msingi viliungana mwaka 1993 kuunda TDCU, na kiwanda cha Tanga Fresh kikazaliwa mwaka 1996, wafugaji wakiwa na hisa kupitia muungano wao. Mpangilio huu wa mafunzo kwanza, ng'ombe pili, na mnunuzi mwenye uhakika karibu ndio unaoifanya Tanga kuwa mfano mpaka leo.

Anayetaka kuelewa nguvu ya mpangilio huo asimame asubuhi kwenye kituo chochote cha kukusanyia maziwa. Madumu na ndoo za bati huja kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa miguu. Mpokeaji huchota kiasi, hutumbukiza laktomita, chombo cha kupimia uzito wa maziwa, na kusubiri itulie. Maziwa halisi husoma kati ya 1.027 na 1.032; yakisoma chini ya hapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba yametiwa maji. Kisha huchanganya maziwa na spiriti kwa kiasi sawa na kutikisa. Yakikatika hurudishwa, iwe mwenye nayo ni nani. Vipimo hivi viwili, vya dakika moja, vimefundisha usafi wa kukamua kuliko mabango: aliyerudishiwa lita zake nane leo, kesho ataosha kiwele kwa maji ya moto na kukausha chombo juani.

Mitamba wengi wa Tanga, Kagera, Kilimanjaro na Arusha waligawanywa kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mtu hujenga banda, hupanda majani, huhudhuria mafunzo, ndipo hupewa mtamba mwenye mimba. Ndama jike wa kwanza humpa jirani aliye kwenye foleni. Shirika la Heifer la Marekani, lililoueneza utaratibu huo duniani, lilianza kazi mwaka 1944 kwa kusafirisha mitamba 17 kwenda Puerto Rico. Rwanda ilianzisha mpango wake wa Girinka mwaka 2006 kwa fikra hiyo hiyo. Mchagga wa zamani angeielewa mara moja, kwani kwake pia ng'ombe alikuwa njia ya kuwafunga watu kwa wajibu, ila sasa mlezi ndiye anayebaki na mama.

Huko Machame, Wilaya ya Hai, wanawake wa Nronga waliunda ushirika wao wa maziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo ulikuwa na maana kubwa. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti mgao wa kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka. Kahawa ilikuwa fedha ya wanaume. Maziwa yakawa fedha ya nyumba, yakilipa ada na kununua sukari katika miaka ambayo mibuni haikulipa hata dawa yake. Wabebaji wa majani walikuwa hatimaye na kitabu cha akaunti chenye majina yao.

Basi kwa nini lita bado ni chache? Wakati wataalamu wakiendelea kuboresha mbegu, utafiti uliofanywa mashambani kwa miaka 30 iliyopita umerudi tena na tena kwenye hori na ndoo. Maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87, na kwa kila lita anayotoa ng'ombe anahitaji kati ya lita 3 na 5 za maji ya kunywa, mbali na yale ya mwili wake. Ng'ombe wengi wa mabandani hunyweshwa mara moja au mbili kwa siku, kwa sababu maji hubebwa kichwani. Kumwekea maji saa 24 kunaweza kuongeza maziwa kwa siku chache bila dawa wala mbegu mpya.

Chakula cha dukani nacho kina hadithi yake. Wafugaji wengi wa Kenya ya kati walizoea kumpa ng'ombe kilo 2 kila siku tangu azae hadi akauke, mwendo ule ule kwa siku 300. Watafiti wakapendekeza mifuko ile ile itumike mapema: hadi kilo 8 kwa siku katika siku 75 za kwanza, ng'ombe akizoeshwa polepole, kisha majani yaachiwe kazi. Gharama haibadiliki. Lakini ng'ombe hufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya nne na ya nane, na kilele kilichokosa lishe hakirudi mpaka azae tena. Embu walipata mbadala wa duka kwa kaliandra, mti mdogo unaopandwa kwenye ua na kingo za matuta. Kilo 3 za majani yake mabichi hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula hicho, na miti 500 yaweza kumtosha ng'ombe mmoja kwa kilo 6 za majani kwa siku.

Upo pia mzigo wa joto linalopita bila kuonekana. Ng'ombe asiyeshika mimba hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, nalo hudumu chini ya siku moja. Akiwa peke yake bandani, hana mwenzake wa kumpanda, na dalili hupotea usiku watu wamelala. Kila joto likipita ni wiki tatu nyingine za kumlisha bila mimba, na ndiyo sababu ng'ombe wengi wa wakulima wadogo huzaa baada ya miezi 18 au zaidi, badala ya 12 au 13. Aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni. Wa jioni, asubuhi inayofuata. Kanuni hii ni ya bure, inahitaji mtu wa kumtazama ng'ombe tu.

Mabingobingo yenyewe yameonja mapigo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa kudumaa, unaoenezwa na mdudu mdogo wa kurukaruka, umekausha mashamba ya magharibi mwa Kenya na kuvuka hadi Uganda. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE waligundua namna ya kuyapanda kuzunguka mahindi ili yavute vipekecha-shina, na desmodiamu katikati ya mistari iwafukuze. Mkulima akavuna mahindi na chakula cha ng'ombe kwa wakati mmoja. Majani ya brakiaria, asili yake Afrika, yalichukuliwa zamani na kuboreshwa Amerika ya Kusini, yakainenepesha mifugo ya Brazili, na katika miaka ya 2010 yakaanza kurudishwa kwa wafugaji wa Kenya na Rwanda.

Ng'ombe wa mkulima mdogo bado hupungua maziwa kila kiangazi, na masika bei hushuka kwa sababu maziwa yamezidi na barabara zimeharibika. Hali hiyo haitabadilishwa na mtamba mwingine mwenye damu ya Holstein akiingizwa kwenye banda lisilo na maji. Halmashauri zinazotenga fedha za kugawa mitamba zianze na bomba linalofika bandani, vipando vya majani na kaliandra kwa kila kaya, mashine ya kukatia majani kwa kila kikundi, na barabara ya kufikia kituo cha maziwa. Na jina linaloandikwa kwenye kitabu cha malipo liwe la yule anayebeba majani.